Kubadilisha gia kwenye baiskeli ya umeme isiyoonyesha namba ya gia

Baiskeli yangu ya umeme niliinunua ikiwa imeshatumika. Betri ilikuwa nzima na breki zilishika vizuri, ila kidirisha cha kwenye hendeli kinachoonyesha uko gia ya ngapi kilikuwa kimepasuka na mshale wake umepotea. Muuzaji akasema hilo si tatizo, nami nikakubali. Wiki ya pili cheni ilikatika katikati ya mlima wa Bugando, hapa Mwanza, mvua inanyesha. Nikaikokota baiskeli ya kilo 24 hadi kwa fundi. Akaitazama cheni, kisha akaniuliza: "Kaka, ilipokatika ulikuwa gia ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nabonyeza leva kwa kubahatisha, na mota ilikuwa inanibeba tu. Yote ninayoeleza hapa nimejifunza tangu siku ile, na naamini mtu yeyote anaweza kuyamudu kwa siku chache bila kununua kifaa chochote.

Mota huficha kosa

Kwenye baiskeli ya kawaida huhitaji namba, kwa sababu magoti yatakwambia. Ukiondoka na gia nzito, pedeli inagoma, unainuka kwenye kiti, unajua umekosea. Baiskeli ya umeme haikupi taarifa hiyo. Unakanyaga kidogo tu, mota inasukuma, baiskeli inaondoka hata kama cheni iko kwenye sproketi (gurudumu la meno) ndogo kuliko zote nyuma, yaani gia nzito kuliko zote. Hakuna kinachokuuma wewe, lakini gharama inalipwa kwingine: mota inazunguka polepole huku ikivuta umeme mwingi, na umeme usiogeuka kuwa mwendo unageuka kuwa joto. Betri inaisha mapema na cheni inavutwa kwa nguvu isiyo ya lazima.

Kwa hiyo kazi ya kujifunza hapa ni kurudisha ile taarifa ambayo mota imeificha.

Kagua mambo matatu kabla ya kupanda

La kwanza linawachanganya wengi. Namba kubwa unayoiona kwenye skrini ya baiskeli ya umeme, 0 hadi 5 kwa kawaida, nyingine hadi 9, si gia. Ni kiwango cha msaada wa mota, yaani mota ikusaidie kidogo au sana. Vitufe vya kujumlisha na kutoa hubadilisha msaada huo tu, havigusi cheni. Nimewaona watu wakipanda mlima kwa kubonyeza kitufe cha kujumlisha mara tano wakidhani wanapunguza gia, kumbe wanaongeza umeme juu ya gia ileile nzito.

La pili, angalia mota yako imekaa wapi. Ikiwa ndani ya gurudumu, yaani kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya mbele au ya nyuma, inasukuma gurudumu moja kwa moja na nguvu yake haipiti kwenye cheni. Ikiwa katikati, pale zinapofungwa pedeli, nguvu yake yote inapita kwenye cheni na sproketi pamoja na nguvu ya miguu yako. Tofauti hii ndiyo inayoamua uwe mwangalifu kiasi gani wakati wa kubadilisha gia. Yangu ni ya katikati, na ndiyo maana ilikata cheni.

La tatu ni aina ya gia. Kama nyuma unaona sproketi nyingi zimepangwa kama ngazi, na kimkono chenye vigurudumu viwili kinachoisukuma cheni huku na huko, hizo ni gia za nje. Kama nyuma kuna sproketi moja tu na haba imenenepa, gia ziko ndani ya haba. Hizi za pili zina desturi yake, nitazieleza mbele. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu gia za nje, sproketi saba nyuma na chenwili moja mbele (gurudumu la meno linalozungushwa na pedeli), kwa sababu ndizo ninazotumia.

Kumbuka pia kwamba gia ya 1 ni sproketi kubwa kuliko zote nyuma, nyepesi, ya kuondokea na kupandia mlima. Gia ya 7 ni ndogo kuliko zote, nzito, ya tambarare na mteremko. Aliyezoea gari au pikipiki halitamsumbua hili.

Hatua ya kwanza: anza kwenye ncha

Huwezi kuhesabu kama hujui unapoanzia. Gia zina ncha mbili ambazo hazina ubishi, ya 1 na ya 7, na leva yenyewe itakuambia ukifika, kwa sababu haitalia tena.

Nenda mahali pa wazi pasipo na magari. Weka msaada wa mota kwenye 0. Nyonga polepole, kisha bonyeza leva ya kuelekea gia nyepesi, moja baada ya nyingine, ukisubiri kila mara cheni itulie. Kwenye leva nyingi za kubonyeza, ile kubwa ya kidole gumba huvuta waya na kupandisha cheni kwenye sproketi kubwa, na ile ndogo huuachia waya na kuishusha cheni. Ikifika mahali leva kubwa haitoi tena mlio wa "tak", uko gia ya 1. Shuka, hakikisha kwa macho kwamba cheni imekaa kwenye sproketi kubwa, panda tena.

Mimi humaliza kila safari nikiwa gia ya 2 na huanza kila safari nikijua niko gia ya 2. Kama kuna mtu aliyeigusa baiskeli yangu, au sikumbuki, narudi kwenye ncha na kuanza upya. Inachukua sekunde kumi.

Kuna leva za aina nyingine. Kwenye mshiko wa kuzungusha, geuza hadi ugome. Kwenye leva ndefu moja ya kidole gumba, ile ya kizamani iliyokaa juu ya hendeli, mwelekeo wa leva yenyewe unatosha kukuonyesha: ikigusa mwisho wa upande mmoja ni gia ya 1, upande wa pili ni ya 7, na ikisimama katikati uko karibu na ya 4. Mwenye leva hiyo ana bahati, anaweza kuisoma kwa kidole bila kutazama.

Hatua ya pili: hesabu tak, na usikilize uzito wa leva

Gia saba zina tak sita kati yake. Kutoka ya 1 kwenda ya 4 ni tak tatu. Mwanzoni hesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu", upande na ushuke uwanjani hadi mkono uzoee. Leva nyingi zina uwezo wa kuruka gia mbili au tatu kwa msukumo mmoja mrefu, na hapo ndipo hesabu hupotea. Wiki ya kwanza jilazimishe msukumo mmoja, tak moja.

Kuna dalili nyingine ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, niliigundua kwa kidole. Kimkono cha gia kina springi, na kadiri cheni inavyopanda kwenye sproketi kubwa ndivyo springi inavyokazwa. Kwa hiyo leva ni laini ukiwa karibu na gia ya 7, na inakuwa ngumu kidogo kila unavyosogea kuelekea ya 1. Ukibonyeza na kidole kikahisi uzito, uko nusu ya chini ya gia zako. Haitoi namba kamili, lakini inatosha kukuonya.

Hatua ya tatu: miguu na kasi vikupe namba

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Skrini yako haina gia, lakini karibu kila skrini ya baiskeli ya umeme ina kasi. Ukijua kasi, na ukajua miguu yako inazunguka mara ngapi kwa dakika, gia haina pa kujificha.

Hesabu mguu wa kulia tu unavyoshuka, kwa sekunde 15. Ukishuka mara 15, ni mizunguko 60 kwa dakika. Ukishuka mara 20, ni mizunguko 80. Miguu ya watu wengi, na mota nyingi za katikati, hufanya kazi vizuri kati ya 60 na 80.

Sasa chukua baiskeli yangu. Chenwili ina meno 44. Friwili, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, ina sproketi za meno 28, 24, 22, 20, 18, 16 na 14, mpangilio wa kawaida kabisa wa gia saba. Gurudumu la inchi 26 linasafiri takribani mita 2.07 kila likizunguka mara moja. Nikiwa gia ya 1, kila nikinyonga mzunguko mmoja gurudumu linazunguka mara 44 kugawa kwa 28, yaani karibu mara 1.57. Kwa mizunguko 60 ya miguu kwa dakika, hiyo ni kasi ya kilomita 11.7 kwa saa. Kwa mwendo huohuo wa miguu, gia ya 2 inanipa 13.7, ya 3 inanipa 14.9, ya 4 ni 16.4, ya 5 ni 18.2, ya 6 ni 20.5, na ya 7 ni 23.4.

Sihitaji kukumbuka zote. Nimeshika tatu: 12 ni gia ya 1, 16 ni ya 4, 23 ni ya 7. Miguu ikizunguka kwa utulivu, mguu wa kulia unashuka mara moja kila sekunde, natupia jicho kwenye skrini. Nikiona 16, niko ya 4. Nikiona 20, niko ya 6.

Fanya hesabu ya baiskeli yako mwenyewe mara moja tu, nyumbani. Hesabu meno ya mbele, hesabu meno ya kila sproketi, gawa ya mbele kwa ya nyuma. Pima mzunguko wa gurudumu kwa kuweka alama ya chaki kwenye tairi, kuisukuma baiskeli mzunguko mmoja, na kupima umbali sakafuni. Zidisha uwiano wa meno kwa mita hizo, kisha kwa 60 upate mita kwa dakika, kisha kwa 60 tena na ugawe kwa 1,000 upate kilomita kwa saa.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukudanganya. Kwanza, hesabu hii ni ya kweli pale tu miguu inapokutana na ukinzani. Kama pedeli zinazunguka bila uzito wowote, baiskeli imeishinda miguu: ama mota ya gurudumuni inakusukuma, ama unateremka. Hiyo nayo ni taarifa, maana yake gia ni nyepesi mno kwa kasi hiyo, ongeza moja au mbili. Pili, kama una kishikio cha mafuta kama cha pikipiki na umekivuta, kasi haina uhusiano wowote na miguu yako. Kiachie kwanza.

Na kinyume chake: ukiona 12 kwenye skrini huku mguu wa kulia unashuka mara moja tu kila sekunde mbili, uko gia ya 7 na mota inakubeba. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitokea pale Bugando. Baiskeli ilikuwa inaenda, kwa hiyo nikaona mambo ni mazuri.

Hatua ya nne: legeza, ndipo ubadilishe

Cheni inahama kutoka sproketi moja kwenda nyingine ikiwa inazunguka, lakini isiwe imekazwa. Ukiwa umesimama, usibonyeze leva ya gia za nje. Waya utavutika, cheni haitahama, na ukianza kunyonga itaruka kwa kishindo gia kadhaa kwa pamoja.

Wenye mota ya gurudumuni wana kazi rahisi: punguza nguvu ya miguu, endelea kuzungusha, tak, subiri nusu mzunguko, kaza tena. Mota ikiendelea kusukuma haina madhara kwa cheni.

Wenye mota ya katikati, tulieni hapa. Baadhi ya baiskeli hizi zina kihisi kwenye waya wa gia, kinachokata umeme kwa kitambo kidogo kila unapobadilisha. Kama yako inacho, utasikia mota ikinyamaza kidogo. Kama haina, inategemea mota inaamshwa na nini. Ikiwa ina kihisi cha nguvu, inapima unavyokandamiza pedeli, hivyo ukilegeza miguu nayo inalegea, inatosha. Lakini nyingine nyingi zina kihisi cha mzunguko tu. Hizi hazijui unakandamiza kiasi gani, zinajua tu kwamba pedeli inazunguka. Unaweza kulegeza miguu kabisa na mota ikaendelea kuvuta cheni kwa nguvu yake yote. Ukibonyeza leva wakati huo, cheni inapanda meno ikiwa imekazwa, na hivyo ndivyo inavyokatika.

Dawa yake iko kwenye breki. Breki za baiskeli nyingi za umeme zina swichi inayokata mota mara tu leva inaposogea, kabla breki yenyewe haijashika. Sogeza leva ya breki kwa kidole kimoja hadi usikie mota imenyamaza, usiendelee. Zungusha miguu taratibu, bonyeza gia, tak, acha cheni ikae, kisha achia breki. Mwanzoni ni mambo manne kwa wakati mmoja na mikono inachanganyikiwa. Baada ya siku tatu nne yanakuwa kitendo kimoja. Jaribu kwanza uwanjani kujua swichi yako inakata wapi hasa. Kama breki zako hazina swichi, acha kunyonga kabisa, subiri mota inyamaze, kisha zungusha nusu mzunguko kwa miguu huku ukibadilisha, kabla mota haijaamka.

Mlima na kusimama

Gia za mlima zinabadilishwa kabla ya mlima. Ukishaanza kupanda, kulegeza maana yake ni kupoteza mwendo, na bila mwendo cheni haihami. Kutoka Mkuyuni kuja mjini nafika na gia ya 6. Nikigeuka kuelekea Bugando, nikiwa bado kwenye tambarare, nashusha tak tatu hadi ya 3, mojamoja. Mlima ukikaza nashusha mbili nyingine, kila moja kwa kuigusa breki. Miguu ikishuka chini ya mara moja kwa sekunde, huo ndio wakati wa kupunguza, usisubiri magoti.

Kuhusu nguvu, hesabu ndogo inafumbua macho. Mimi, baiskeli na mzigo tunafika kilo 100. Kupandisha uzito huo kwenye mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 15 kwa saa kunahitaji wati 245 hivi, bila kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Kwa kilomita 10 kwa saa zinahitajika wati 164 tu. Mota yenye wati 250, pamoja na miguu yako, inaweza kuifanya kazi hiyo kwa raha, mradi gia nyepesi iiruhusu izunguke haraka.

Kusimama ni hivyohivyo. Ukiona taa nyekundu au kivuko cha waenda kwa miguu mbele, anza kushusha gia wakati bado unazungusha, ufike ukiwa ya 2. Ukiwa na desturi hiyo, kila kituo kinakuwa mahali pa kuanzia hesabu upya.

Ukisahau na ukasimama ukiwa gia ya 7, shuka kwenye baiskeli, zima umeme kabisa, kisha inua gurudumu la nyuma na uzungushe pedeli kwa mkono huku ukibonyeza leva. Kuzima umeme si jambo la hiari. Kihisi cha mzunguko hakijui kama ni mkono au mguu, mota itawaka, na vidole vitakuwa karibu na cheni.

Alama ya kujitengenezea

Kama fremu yako ina sehemu ambapo waya wa gia unaonekana bila ganda, una kipimo tayari. Kwenye gia saba nyingi waya husogea takribani milimita 3 kila tak, kwa hiyo kutoka ya 1 hadi ya 7 ni kama milimita 17 au 18. Weka gia ya 4, funga kipande chembamba cha utepe mwekundu kwenye waya, na kwenye fremu, mkabala na utepe, paka nukta ya rangi ya kucha. Kisha paka nukta mbili nyingine, ya gia ya 1 na ya gia ya 7. Nukta saba zitabanana, tatu zinatosha. Ikiwa waya unapita kwenye bomba la juu utaiona bila kuinama. Ukipita chini, itakufaa ukiwa umesimama tu.

Kutazama nyuma kwenye friwili wakati unaendesha sikushauri. Kwa sekunde unayoinamisha kichwa, bajaji imeshaingia mbele yako.

Kama gia ziko ndani ya haba

Baiskeli nyingi za umeme za Kijapani za matumizi ya mjini zina gia tatu ndani ya haba na mota katikati. Huko mambo yanageuka: gia hubadilishwa ukiwa umeacha kunyonga kabisa, hata ukiwa umesimama, kwa hiyo ukisahau unaweza kushusha hapohapo kwenye taa. Na kwa kuwa ni tatu tu, ncha ziko karibu. Bonyeza au zungusha hadi mwisho, uko ya 1 au ya 3. Gia ya 2 inazungusha gurudumu sawasawa na sproketi, ya 1 ni nyepesi kwa karibu robo, ya 3 ni nzito kwa karibu theluthi, hivyo miguu inatambua tofauti mara moja. Pedeli ikiteleza bila kushika unapobadilisha, waya umelegea. Usiendelee kuikanyaga kwa nguvu, meno ya ndani yatalika.

Hesabu ikikataa

Mfumo huu wote unasimama juu ya jambo moja, kwamba tak moja ni sproketi moja. Waya mpya hulegea kidogo wiki za mwanzo, na hapo unasikia tak lakini cheni haipandi, au inapanda baada ya tak ya pili. Pale waya unapoingia kwenye kimkono cha gia kuna kirungu kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Ukikitazama kutoka nyuma, kizungushe kinyume na mwendo wa saa, nusu mzunguko, ujaribu tena. Cheni ikisita kushuka kwenye sproketi ndogo, kizungushe upande wa pili. Robo robo baada ya hapo.

Pima na cheni pia, kwa rula, tangu pini yoyote hadi pini ya 24 kutoka hiyo. Mpya ni sentimita 30.5 hivi. Ikifika 30.65 ibadilishe kabla haijala friwili, maana cheni iliyochoka huruka yenyewe bila wewe kugusa leva, na hapo hutajua kama umebadilisha gia au meno yameteleza. Ukimaliza, rudi kwenye ncha, hesabu tak sita polepole hadi upande wa pili, ukitazama kila moja ikikupa sproketi yake.